Jumatano tugome kujaza mafuta? Maswali yenu ya sheli mwezi huu

Mwezi huu karibu kila meseji iliyoingia inazungumzia mafuta, kuanzia Mtwara mjini mpaka Kilwa. Nimechagua tano. Zilizobaki zinauliza yaleyale kwa maneno tofauti, nadhani mtajikuta humu.

Habari za kazi kaka. Mimi naendesha bajaji hapa Mtwara, kijiwe chetu kipo upande wa Ligula. Kuna meseji inazunguka kwenye grupu la WhatsApp eti Jumatano nchi nzima mtu asinunue mafuta hata lita moja, makampuni yatapata hasara ya mabilioni kwa siku hiyo moja na bei itashuka. Vijana wamechangamka kweli, wengine wanasema atakayeonekana sheli siku hiyo tunamtoa kijiweni. Mimi tajiri anataka hesabu yake kila jioni, hajui habari za Jumatano. Hii kitu itafanya kazi kweli? – Dereva bajaji, Mtwara

Nzuri ndugu yangu. Nikujibu bila kuzunguka, hiyo Jumatano haitashusha bei, na sisemi hivyo kuwavunja moyo kwa sababu hasira yenu ni ya haki kabisa. Ila jiulize Jumanne jioni utafanya nini. Utajaza tenki, na mwenzako atajaza, na mwenye boda naye, halafu Alhamisi asubuhi wote mko foleni tena kwenye pampu. Lita ni zilezile, zimehama siku tu. Meseji za namna hii ni za zamani, Marekani mwaka 1999 watu walitumiana kwa barua pepe kwamba tarehe 30 Aprili mtu asinunue petroli, wakajaza siku ya kabla na siku ya baada na bei haikushuka kwa ajili yao.

Halafu tuangalie mgomo wenyewe unampiga nani. Mwenye sheli wa hapo Ligula hapangi bei ya mafuta duniani, wala hapangi thamani ya dola, wala kodi. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, inaanza kutumika saa 6:01 usiku, na ndani ya hiyo bei kuna gharama ya mafuta kule yanakonunuliwa, meli, bima, bandari, kodi na tozo za serikali (bajeti ya 2023/24 peke yake iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli), usafiri wa lori, na mwisho kabisa faida ya muuzaji wa rejareja ambayo ni kipande kidogo. Kwahiyo ukigoma siku moja anayeumia ni yule dada anayeshika pampu, na dola haitajua kama Mtwara mligoma.

Sasa nikwambie kitu ambacho sisi watu wa kusini tunakijua kuliko wengi. Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa Tandahimba na Newala walikaa kwenye mnada, wakasikia bei za wanunuzi, wakasema hatuuzi. Haikuwa maneno ya grupu, walikataa kweli, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Sio kila kitu kilienda sawa baada ya pale, malipo ya wengine yalichelewa sana na watu waliteseka, sitaki kuficha hilo. Ila swali langu kwako ni hili, wale waliwezaje kusema hapana na wewe huwezi? Wao korosho ilikuwa ghalani, imepimwa, karatasi ya stakabadhi mkononi, na korosho ikikaa mwezi haiozi. Wewe tenki lako likikaa siku mbili limekauka na tajiri anapiga simu. Hata makampuni ya mafuta yenyewe yalifanya hivyohivyo Agosti 2011, EWURA iliposhusha bei wakafunga pampu, nchi ikahangaika siku kadhaa, kwa sababu mzigo ulikuwa kwenye matenki yao na wao wana uwezo wa kusubiri.

Kwahiyo kijiwe chenu kikitaka nguvu kianze na kuweza kusubiri. Kuna mambo mawili naona mnaweza kuanza nayo hata wiki hii na hayahitaji nchi nzima ikubali.

La kwanza ni foleni. Najua vijana hawaipendi. Lakini hesabu na mimi, bajaji inayozunguka mji mzima inatafuta abiria, Ligula, soko kuu, stendi, Shangani, tena Ligula, inachoma mafuta bure kabisa. Tuseme kila mmoja anachoma nusu lita kwa siku kwa kuzurura tu. Lita ikiwa kama elfu tatu hiyo ni shilingi 1,500 kila siku imetoka mfukoni mwako. Mkikubaliana bajaji zinasimama kijiweni kwa zamu, wa kwanza kufika wa kwanza kupakia, na anayeshusha abiria mbali anaingia foleni ya kijiwe cha kule badala ya kurudi tupu, mmepunguza kununua mafuta kwelikweli, kila siku, na sio siku moja. Na hii ndio inayouma kibiashara maana lita ambayo hukuichoma hutakuja kuinunua Alhamisi.

La pili ni kununua kwa pamoja. Bei ya EWURA ni kikomo, maana yake muuzaji haruhusiwi kuivuka kwenda juu, ila ushindani wa kwenda chini upo. Bajaji arobaini zikinunua lita tano kwa siku, siku ishirini na sita, ni lita 5,200 kwa mwezi. Huyo sio mteja mdogo. Mwenyekiti na katibu wawafuate wenye sheli wawili watatu, wawaambie tunahamia kwako wote, tupunguzie kiasi gani kwa lita. Akikubali shilingi 30 tu mmepata 156,000 kwa mwezi. Msigawane, hiyo iingie mfuko wa kijiwe. Ukiona ni ndogo ni kweli ni ndogo, foleni inakupa mara kumi ya hiyo, lakini huo mfuko ndio utakaomlipia mwenzenu hesabu siku ambayo mmeamua kusimama kwa jambo zito zaidi.

Na hilo la kumtoa mtu kijiweni kwa sababu alienda sheli Jumatano, kaka tafadhali lizuieni. Yule ana mtoto anaumwa, wewe hujui. Mkianza kuwindana wenyewe kwa wenyewe, bei itabaki palepale na kijiwe kitavunjika. Hiyo Jumatano itumieni kukaa kikao.

Shikamoo kaka. Niko Lindi mjini, nasoma chuo. Wenzangu wanasema siku moja ni utoto, kinachotakiwa ni tuchague kampuni moja kubwa tu, sheli zake zote tuzisusie mpaka ishushe bei halafu wengine watafuata wenyewe. Hii si ina akili zaidi? – Mwanafunzi, Lindi

Marahaba mdogo wangu. Ina akili zaidi, ndio, na kuna mahali imejaribiwa. Aprili 2018 watu wa Morocco walisusia bidhaa tatu kwa mpigo: maji ya chupa ya kampuni moja, maziwa ya kampuni moja, na vituo vya mafuta vya kampuni moja. Ilidumu miezi, sio siku. Na aliyelia haraka alikuwa wa maziwa, mpaka akapunguza bei, kwa sababu maziwa hayasubiri, ng'ombe anakamuliwa leo na kesho na mkulima anataka kulipwa. Mafuta yanasubiri kwenye tenki.

Kwetu kuna shida nyingine juu ya hiyo. Mafuta ya Tanzania yanaagizwa kwa pamoja, PBPA ndio wanaosimamia, meli moja inaleta shehena ya makampuni mengi na inashushia Dar es Salaam, Tanga au hapo Mtwara. Ukiisusia sheli ya rangi moja ukaenda ya rangi nyingine, inawezekana kabisa unanunua mafuta yaliyokuja na meli ileile, na yule uliyemsusia anaweza kumuuzia jumla huyo unayemkimbilia. Umebadilisha bango tu.

Ila usitupe wazo lako, lihamishe. Kususia kunafanya kazi vizuri pale ambapo muuzaji mmoja ana kosa lake mwenyewe ambalo anaweza kulirekebisha kesho asubuhi. Sheli inayouza juu ya kikomo. Inayokataa kutoa risiti. Inayoficha mafuta Jumanne ikisubiri bei ya Jumatano. Hapo wanafunzi wa chuo kizima mkisema hatuendi pale na sababu ni hii na ushahidi ni huu, mwenye sheli atawatafuta nyie. Kwenye jambo la kodi na tozo anayeweza kubadilisha ni serikali na Bunge, kwahiyo hasira ya kodi ipelekeni kwa mbunge wenu kabla ya bajeti ya Juni, kwa barua yenye majina mengi. Mei 2022 petroli Dar ilipopita shilingi 3,100 kelele zilikuwa kubwa mpaka bungeni, na kuanzia Juni mwaka huohuo serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100. Bei ilikuja kuzidi hapo baadaye, ni kweli, lakini bila ile ruzuku ingekuwa juu zaidi, na haikutoka kwa mtu kukimbia sheli.

Salaam. Sisi ni kikundi cha wavuvi Kilwa Kivinje, tuna boti kumi na nne za mashine. Sasa hivi safari moja mafuta yanakula karibu nusu ya samaki, na siku ukirudi mtupu unabaki na deni. Tumefikiria tuchange tununue mapipa ya petroli tuyaweke nyumbani kwa mwenyekiti, bei ikipanda sisi tunayo. Unasemaje? – Katibu wa kikundi, Kilwa Kivinje

Wa alaykum salaam katibu. Wazo la kuchanga ni zuri mno, wazo la mapipa nyumbani kwa mwenyekiti naomba mliache leo hii. Petroli sio dizeli, mvuke wake unatembea chini kwa chini unatafuta jiko, mwenyekiti ana wajukuu, nyumba za Kivinje zimebanana, na moto ukishika hakuna wa kuuzima. Na ni kosa kisheria vilevile, kuhifadhi mafuta ya biashara kunataka kibali.

Kwanza hesabu, kama nilivyomwambia kijana wa bajaji. Boti kumi na nne, lita ishirini na tano kila moja, ni lita 350 kwa siku ya kwenda baharini, siku ishirini ni lita 7,000. Nendeni kwa mwenye sheli na kiongozi wa BMU (kile kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni), sio mmoja mmoja, mkiwa na daftari la miezi mitatu linaloonyesha kila boti imechukua lita ngapi. Hilo daftari ndio nguvu yenu, mwenye sheli akiliona anajua anaongea na watu wa kazi. Muombeni vitu viwili, punguzo kwa lita, na bei ya leo iendelee kwa mafuta mliyoyalipia leo hata kama mtayachukua wiki ijayo. Hilo la pili ndilo mlilokuwa mnatafuta kwenye mapipa, sasa mafuta yanakaa kwenye tenki lake la chini ya ardhi na nyie mna karatasi. Iandikwe, isainiwe, nakala ibaki kwenu. Na msilipe mbele pesa nyingi, lipeni ya wiki moja tu, maana mtu anaweza kufilisika na pesa yenu ikaenda naye.

Halafu baharini penyewe. Sijui kwenu, ila wazee niliowahi kukaa nao Mikindani walikuwa wanashangaa vijana kuwasha mashine wakati upepo wa kusi unasukuma, tanga limekunjwa limelala ndani ya boti. Boti zenye mlingoti zitumie tanga kwenda au kurudi kulingana na msimu, mashine ibaki ya kuingilia na dharura. Boti mbili zinazoenda mwamba mmoja zinaweza kuvutana. Na barafu, nunueni kwa pamoja, maana samaki akikaa salama usiku mmoja zaidi mnapunguza safari, na safari msiyokwenda haina mafuta.

Mkikaa vizuri miaka miwili mitatu na akiba ikawa ya kweli, ulizeni EWURA kuhusu vituo vya mafuta vya vijijini, walilegeza masharti ili vijengwe kwa gharama nafuu kuliko sheli za mjini. Kikundi chenye wateja kumi na nne wa uhakika kinaanza na soko tayari. Msikimbilie mkopo wa kukijenga kesho lakini.

Shikamoo. Mimi ni mama nauza ng'onda hapa Nachingwea, mzigo nachukua Lindi. Sina gari sina pikipiki, ila kila mafuta yakipanda nauli inapanda, gharama ya mzigo inapanda, wateja wanasema samaki ghali. Hayo ya kugoma sheli mimi yananihusu nini? Na sisi tufanyeje? – Mama ng'onda, Nachingwea

Marahaba mama, na swali lako ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu anayelipa mafuta ya nchi hii mara nyingi ni mtu asiyewahi kusimama sheli.

Kuhusu nauli ya abiria, ile ya basi na daladala haipangwi na kondakta, inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kwa mfano Desemba 2023 daladala ya mjini isiyozidi kilomita kumi ilitoka 500 ikawa 600. Kwahiyo siku mafuta yamepanda usiku na asubuhi kondakta anakwambia nauli imeongezeka, hana haki hiyo, kataa, omba tiketi iandikwe kiasi, na mkiwa abiria kumi mnakataa kwa sauti moja ndani ya gari mara nyingi analegea palepale. Mmoja akikataa anashushwa. Na kabla LATRA hawajabadilisha nauli wanaita wadau watoe maoni, hapo wenye mabasi wanakwenda na wanasheria wao na mahesabu, akina mama wa sokoni hawaonekani. Nendeni hata watatu mkiwa na risiti zenu za miezi.

Watu waliwahi kufanya makubwa kwa nauli, mama. Alexandra kule Afrika Kusini, mwaka 1957, nauli ya basi ilipanda kutoka peni nne kwenda peni tano, wakaacha kupanda mabasi, wakatembea kwa miguu kama kilomita 15 kwenda kazini na 15 kurudi, kwa miezi mitatu hivi, mpaka abiria wakaendelea kulipa peni nne. Nachingwea kwenda Lindi huwezi kutembea na tenga la ng'onda kichwani, najua. Ila wale waliweza kwa sababu walikuwa na njia nyingine ya kufika, hata kama ni miguu, na wewe njia nyingine unayo kwenye mzigo.

Msimu wa korosho malori yanatoka huko kwenu yamejaa yanashuka pwani, na mengi yanarudi matupu. Mafuta ya kurudi tajiri ameshayalipa, kwahiyo chochote anachopata kwenye kurudi ni faida kwake. Mkiwa akina mama sita saba mkaunganisha mzigo, mkamtafuta mwenye lori mwenyewe na sio dereva peke yake, mtapata bei ambayo basi halitawapa hata siku moja. Mmoja wenu anakwenda Lindi kwa zamu kununua kwa niaba ya wote, badala ya nauli saba inalipwa moja. Tenga la kila mtu liwe na alama ya kitambaa chake, na hesabu ifanywe mbele ya wote siku mzigo unaposhuka, kabla mtu hajaondoka, kwa sababu vikundi vingi vya mama zetu naviona vinakufa kwa shilingi elfu mbili iliyosemwa pembeni. Na huyo wa zamu asipande juu ya mzigo kwenye lori, apande gari la abiria.

Kaka, huku Mtama kuna sheli kila ikikaribia Jumatano ya bei mpya wanasema mafuta yameisha, usiku ukipita yamejaa. Na pampu yao naona inapunja. Tukilalamika wanacheka. – Bodaboda, Mtama

Hawatacheka mkilalamika sawasawa. Mtu mmoja akisema "yameisha" ni neno lake na neno la mwenye sheli. Watu kumi na wawili wakiandika kila mmoja siku, saa, alichoambiwa na nani, na picha ya bango la bei, hiyo ni kesi. Kuficha mafuta ni kosa, na mwaka 2023 kuna vituo vilifungiwa kwa sababu hiyohiyo. Pigeni EWURA namba ya bure 0800110030, na bei kikomo ya wilaya yenu mnaipata kwa *152*00#. Angalieni ya kwenu hasa, maana orodha ina bei ya kila wilaya na kusini tunahesabiwa kwa bandari ya Mtwara, kuna miezi tangazo linasema meli haikushusha Mtwara kabisa, basi bei yenu inakuwa na hesabu nyingine tofauti na ya Dar.

Ya kupunja ni ya Wakala wa Vipimo. Pampu inatakiwa iwe imehakikiwa na kuwekewa alama yao, tazameni kama ipo na ni ya mwaka huu. Ila usipeleke neno "naona" peke yake ndugu yangu. Chagueni boda tatu, kila mmoja akaweke lita mbili siku tofauti, achukue risiti ya mashine kila mara, aandike kilomita alizotembea, halafu mfanye hivyohivyo na sheli nyingine. Mkiwa na karatasi hizo sita andikeni barua moja, wote msaini, nakala moja kwa mtendaji wa kata. Mkipata majibu nitumieni, nitayaweka hapa.